Mbuzi wa Padri

Mwalimu Clavery alikuwa na utaratibu wake wa kufundisha Kiingereza, na utaratibu huo ulimkosesha Kokugonza raha ya kula na ya kulala. Mwalimu aliandika neno ubaoni, akalitamka, kisha akamnyooshea chaki mtoto yeyote aliyejaribu kujificha nyuma ya mwenzake. Mtoto asimame, aseme maana ya neno kwa Kiswahili, halafu atunge sentensi. Tena sentensi iwe ya nyumbani kwake na iwe ya kweli, kwa sababu Mwalimu Clavery, mtu wa Biharamulo asiyejua kucheka, aliamini kwamba neno lililofungwa kwenye uongo halikai kichwani. Waamuzi walikuwa darasa zima. Mtoto akimaliza, wenzake walipaza sauti kwa pamoja, "Kweli!" au "Uongo!", na hapo hakupona mtu, maana kila mtoto alijua kwa jirani kumepikwa nini.

Mchezo mzuri, ungesema. Mujuni alisema ng'ombe wa babu yake ni "thin", yaani amekonda, na darasa likaitikia "Kweli!" mpaka babu mwenyewe akasikia kutoka barabarani. Watoto walishika maneno haraka, hilo halikataliki. Lakini mwalimu mwenye akili timamu angejiuliza walau mara moja kama hakuna nyumba zenye mambo yasiyofaa kutungiwa sentensi.

Nyumbani kwa kina Kokugonza, jambo hilo lilikuwa darini.

Baba yake, Ildefons, alikuwa mtu wa maneno mengi, na maneno ndiyo yaliyomponza. Uhuru ulipopatikana alikuwa karani kwenye ghala la kahawa. Kwa kuwa Kiingereza alikijua, alianzisha darasa la jioni la watu wazima kwenye banda la katekista, wajifunze lugha ya ofisini kwani sasa ofisi zilikuwa zao. Tangu hapo watu wakamwita Ta Ildefons kwa heshima, hata waliomzidi umri. Miaka ikapita, ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa kule mbugani, mahali pasipo na mgomba hata mmoja. Mkutanoni Ta Ildefons akasimama akauliza, "Sawa, tutahama. Vibanja vyetu vya migomba nani atavibeba? Na makaburi ya baba zetu yaliyomo ndani ya vibanja, yatapanda lori gani?" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyomharibia. Kesho yake mgambo walifika nyumbani wakakuta kiti chake kina joto bado, mwenyewe hayupo.

Kila mtu alijua wanaokamatwa kwa maswali ya namna ile wanarudi vipi. Mutalemwa, fundi seremala wa kijiji, alichukuliwa mwaka mmoja kabla kwa kusema kidogo kuliko hayo. Aliporudi jicho moja halikuona tena, na hakushika randa wala hakumsimulia mtu. Kokugonza alikuwa akipishana naye njiani, na kila mara alimwamkia huku akiangalia chini, kwa sababu katika jicho lile alimwona baba yake.

Mama yake, Ma Anatolia, aliwaambia majirani kwamba mume wake amekimbilia kisiwani Goziba kuvua. Uongo huo ulikuwa na nguvu, kwani Goziba watu huja na kuondoka, na hakuna anayemuuliza mwenzake katoka wapi. Ukweli ni kwamba Ta Ildefons alirudi kwa kupitia migombani, akapanda juu ya dari la matete katika chumba cha ndani walimohifadhi magunia ya kahawa, na huko akaishi miezi na miezi, amejikunja chini ya bati.

Njaa aliiweza. Joto la bati aliliweza. Kimya ndicho kilichomshinda. Kokugonza alipotoka shule na kukaa chini kumenya ndizi, sauti ndogo ya tata, yaani baba yake, ilishuka kutoka juu.

"Koku. Stubborn."

"Kaidi, tata."

"Sentensi."

"The priest's goat is stubborn. It refuses to cross the bridge."

Mbuzi wa padri ni mkaidi, amekataa kuvuka daraja. Sentensi zote za baba yake zilikuwa za mbuzi huyo. Mbuzi wa padri amepotea njia. Mbuzi wa padri anaogopa mvua. Kokugonza alidhani baba yake kamzua mbuzi huko huko darini kwa upweke, akampenda, na mara nyingine alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Maneno magumu zaidi baba aliyaandika kwa mkaa kwenye boriti, ili binti akipanda kumpelekea chakula ayasome. Aliandika herufi "g" yenye mkia mrefu uliojikunja, kama alivyofundishwa zamani na mapadri, na Kokugonza, aliyefundishwa kuandika na baba huyo huyo, alikuwa na mkia ule ule. Mwalimu Clavery alishamgombeza mara kadhaa kwa ajili ya mkia huo.

Ma Anatolia hakupenda. "Mtatuua kwa Kiingereza chenu," aliwaambia kwa Kihaya, akisimama mlangoni kuchunga njia. "Mtihani ni mtihani, lakini shingo ni shingo."

Hawakumsikiliza.

*

Siku ile Kokugonza aliingia darasani akakuta mgeni kwenye benchi la nyuma. Alikuwa Apolinary, katibu wa tawi la chama, amekuja kukagua shamba la shule akaona apumzike kivulini asikilize somo. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na kofia yake aliishika magotini muda wote. Ndiye aliyekuwa ameshika kalamu kwenye ule mkutano wa makofi.

Mwalimu Clavery alitaka kumwonyesha mgeni kazi yake. Akaandika ubaoni: "stubborn". Chaki ikazunguka darasani, ikasimama kwake.

"Kokugonza, binti Ildefons."

Akasimama. Jina la baba yake lilikuwa limetajwa mbele ya katibu, na alihisi kila shingo imegeuka. "Maana yake ni kaidi," alisema.

"Vizuri. Sentensi. Ya nyumbani."

Nyumbani kuna nani mkaidi? Kichwani mwake kulikuwa na mtu mmoja tu, tena amekaa darini. Akiwaza mama, alimwona mama anatazama juu. Akiwaza kuku, alimwona kuku chini ya dari. Kila alichokigusa nyumbani kilinyoosha kidole kule kule. Basi akafanya lile lililoonekana salama kuliko yote: akashika kitu kisichohusu nyumba yao hata kidogo. Wacha wamzomee. Kuzomewa hakuui.

"The priest's goat is stubborn," alisema. "It refuses to cross the bridge."

"Uongo!" darasa likalipuka. "Uongo! Padri hana mbuzi!"

Wakacheka sana. Hata Mwalimu Clavery midomo ilimcheza. Kokugonza akakaa, moyo ukianza kushuka mahali pake, akageuka kidogo kuangalia nyuma.

Apolinary hakuwa anacheka. Alikuwa amekunja kofia yake kwa mikono miwili, anamtazama.

Somo lilipoisha alimngoja mlangoni. Kokugonza akapiga magoti kumwamkia kama inavyompasa binti mbele ya mkubwa.

"Kiingereza chako kimenyooka," alisema Apolinary. "Nani anakufundisha?"

"Mwalimu Clavery, waitu," alijibu kwa heshima ya Kihaya.

"Mwalimu Clavery." Alilirudia jina taratibu, kama mtu anayepima kahawa mkononi kuona kama imekauka. "Msalimu mama yako. Mwambie leo nitapita kuwaamkia."

*

Alikimbia njia nzima ya nyumbani. Alimkuta mama yake anaanika maharage uani, akamvuta kanga mpaka chumba cha ndani, akasimulia huku anahema. Alipofika kwenye mbuzi, Ma Anatolia akaketi ghafla juu ya gunia la kahawa.

"Ulisema mbuzi wa padri?"

"Ndiyo, mama. Sikutaka kutaja nyumbani."

"Bojo, mwanangu!" Mama alijishika kichwa. "Mbuzi yule wanamjua watu wazima wote. Beberu wa padri aliingia darasani kwa baba yako mwaka wa Uhuru, akatafuna kifutio cha ubao mbele ya wazee. Tangu siku hiyo baba yako hakufundisha neno bila kumtaja. Na Apolinary alikuwa mwanafunzi wake! Alikaa benchi la mbele!"

Hapo Kokugonza akaelewa. Katika vitu vyote vya dunia hii ambavyo angeweza kuvisema darasani, alichagua kile kimoja ambacho ni sawa na kusimama na kutangaza: baba yangu ananifundisha. Akaangua kilio. Alilia bila sauti, kwani katika nyumba ile hata kulia walijifunza kulia kimyakimya.

Juu darini matete yalilia kidogo. "Usimlaumu mtoto," sauti ikasema. "Mbuzi ni wangu."

"Ondoka sasa hivi," mama akanong'ona.

"Jua lote hili? Nitapita wapi? Barabarani kuna kizuizi na watu wamejaa mashambani."

Kabla hawajaamua, mbwa wa jirani alibweka. Ma Anatolia akachungulia. Apolinary alikuwa anakuja katikati ya migomba kwa mwendo wake wa pole, na hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuja Uledi, kamanda wa mgambo, mgeni aliyeletwa kutoka Tabora, mtu mrefu mkavu mwenye bunduki begani. Kiingereza Uledi hakukijua, na kusoma hakukujua pia, lakini macho alikuwa nayo, na watu wa kilima kile walimwogopa kuliko radi.

Wageni wakaingia, wakakaa. Nyasi mpya zilikuwa zimetandikwa sakafuni na zilinukia vizuri, kana kwamba nyumba ilikuwa na sherehe. Ma Anatolia alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama desturi inavyotaka, hata kwa mgeni usiyempenda. Apolinary alichukua chache akatia mdomoni. Uledi alichukua nyingi, akatafuna huku akipima kuta kwa macho.

"Goziba kuna habari?" Uledi aliuliza.

"Hakuna, baba. Tangu aende hajaleta hata dagaa," alijibu Ma Anatolia.

"Sisi hatukuja kwa hayo," Apolinary aliingilia. "Nimekuja kwa binti. Nimemsikia leo darasani. Huyu atafaulu, ila anahitaji kuzidi kuyafanyia maneno mazoezi. Njoo hapa, Kokugonza. Nitakupa neno na sentensi, wewe utatoa maana."

Kokugonza akapiga magoti kwenye nyasi. Chumba cha ndani kilitenganishwa na pale kwa pazia tu. Alijua kila neno litakalosemwa litafika juu.

Apolinary akasafisha koo. Alisema kwa sauti iliyozidi kidogo ile ya kumwambia mtoto aliye mbele yako.

"Tomorrow. Tomorrow morning the hunters will come for the priest's goat."

Kesho asubuhi wawindaji watakuja kumchukua mbuzi wa padri.

"Anasemaje?" Uledi aliuliza. "Mwambie atafsiri, nami nijifunze."

Wanaume wawili wakamtazama, na mama yake naye.

"Tomorrow ni kesho," alisema. "Sentensi... kesho asubuhi tutakwenda shamba la shule."

Apolinary hakupepesa jicho. "Kweli," alisema, kama watoto darasani. Kisha: "Roof. They will look under the roof."

Watatafuta chini ya paa. Nyuma ya pazia, dari lilikuwa kimya kama kaburi. Kokugonza aliomba baba yake asikohoe, asigeuke, asivute hata pumzi.

"Roof ni paa. Paa la shule yetu linavuja."

"Kweli. Neno la mwisho. Water. The goat must cross the water today."

Mbuzi lazima avuke maji leo.

"Water ni maji. Leo mimi ndiye nitakayeteka maji."

"Kweli," alisema Apolinary, akasimama, akavaa kofia. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Uledi alichukua buni nyingine kiganjani kwa ajili ya njiani, akamtazama Kokugonza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Lugha ndefu sana hiyo," alisema. "Mwenzako anasema maneno mengi, wewe unatoa machache."

*

Walipotoweka migombani, Kokugonza alimweleza mama yake maana ya kweli ya sentensi zile, na Ma Anatolia akaingia chumba cha ndani. "Ni mtego," alisema. "Anataka utoke ukamatwe ziwani, ili nyumba hii wasiibomoe bure. Apolinary ndiye aliyeandika maneno yako mkutanoni!"

Ta Ildefons alishuka. Kokugonza hakuwa amemwona chini mchana kwa muda mrefu, na alishtuka kuona alivyopungua, na jinsi alivyosimama ameinama kama bado ana bati kichwani.

"Labda ni mtego," alisema. "Lakini sikiliza. Apolinary nilimfundisha mwenyewe. Hakuweza kusema sentensi mbili bila kujikwaa, watu wakamcheka mpaka akaacha darasa. Leo kasema tatu, hakukosea hata moja. Mtu yule alikuja akizikariri njia nzima. Mwenye mtego hahangaiki hivyo."

"Au anahangaika zaidi," alisema mama.

Kama maneno yale ni onyo, kubaki ni kukamatwa kesho asubuhi. Kama ni mtego, kuondoka ni kukamatwa leo. Kokugonza aliwatazama wazazi wake wakitazamana, akaelewa kwamba wakubwa nao huogopa vile vile kama watoto, tofauti ni kwamba hawana wa kumkimbilia.

Mwishowe Ma Anatolia ndiye aliyekata shauri. "Utakwenda. Ila bandarini kwa wavuvi hupiti. Utateremka kwa mwamba, kule kwenye mafunjo. Mushumbusi binamu yangu huficha mtumbwi wake pale. Atakuvusha mpaka kisiwa cha Bumbire."

"Kwa mwamba hata mbuzi hapiti."

"Basi mbuzi wa padri atapita," alisema Ma Anatolia, na kwa mara ya kwanza siku ile karibu acheke.

Jioni, wakati wanawake wanaporudi na mizigo ya nyasi kichwani, wanawake wawili walitoka kwa kina Kokugonza wakishuka kama wanaokwenda kukata. Mmoja alikuwa Ma Anatolia. Wa pili alijitanda kanga mpaka machoni, amebeba mundu, na alitembea akiwa ameinama. Kabla hajatoka alimshika binti yake kichwa kwa mikono miwili, akamwambia neno moja tu: "Futa."

Kokugonza akapanda darini na kitambaa kibichi na majivu. Alifuta boriti moja baada ya nyingine. Kila neno alilolifuta alikumbuka siku alipofundishwa, akalitamka moyoni ili lisipotee lote. Alikunja mkeka, akasukuma magunia pale baba alipolala, akatawanya makapi ya kahawa juu yake. Giza lilipozidi akashuka. Mama alirudi peke yake, magoti yamechubuka. Walikaa wawili wakiukodolea macho moto.

*

Walikuja asubuhi, kama ilivyosemwa. Mgambo walizunguka nyumba, Uledi akaingia, Apolinary nyuma yake. Walitoboa magunia, wakavunja mlango wa jiko, wakachoma mikuki kwenye shimo la kuivishia ndizi. Uledi mwenyewe alipanda darini. Kokugonza alisikia magunia yakisukumwa, kisha kimya, kisha sauti.

"Katibu! Njoo hapa usome."

Kokugonza akatazama juu. Alikuwa amefuta kila boriti. Kila upande alioweza kuuona alikuwa ameufuta.

Apolinary alipanda kwa shida mpaka kichwa chake kikapita dari. Upande wa chini wa boriti, ule uliotazama magunia, pale ambapo mtu aliyelala chali huwa na neno mbele ya macho yake, lilikuwako neno moja la mkaa. Baba yake hakuliandika kwa ajili ya kumfundisha mtu. Aliliandika ili apate wa kukaa naye.

"Limeandikwa nini?" aliuliza Uledi.

Kutoka chini Kokugonza aliona miguu ya Apolinary kwenye ngazi, na miguu ile ilikuwa inatetemeka.

"Goat," alisema. "Yaani mbuzi."

"Mbuzi?" Uledi alishuka, akasimama mbele ya Kokugonza karibu sana, harufu ya kahawa mdomoni. "Nani aliandika mbuzi darini?"

Ma Anatolia alifumba macho.

"Mimi," alisema Kokugonza. "Huwa napanda huko kusoma. Hakuna kelele."

"Mwache aandike," Apolinary alisema kutoka kwenye ngazi. "Tutaona kama ni mwandiko wake."

Kokugonza akamgeukia. Anamwokoa, au anamkaba? Uso ule mnene haukusema kitu. Uledi akaokota kipande cha mkaa jikoni, akamtia mkononi, akamsukuma mbele ya mlango wa mbao.

Aliegemeza kiganja mlangoni, akaandika "g", na mkia ukashuka mrefu, ukajikunja wenyewe bila yeye kuufikiria. Ule mkia ambao Mwalimu Clavery aliuchukia. Akamaliza neno. Uledi, asiyejua kusoma, alilitazama, akapanda tena darini, akalitazama lile, akashuka, akatazama tena. Alifuata mkia kwa kidole.

"Ni mkono mmoja," alisema, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Akatema buni chini kwenye nyasi. "Tumekesha bandarini mpaka mafua, hakupita mtu. Huku nako mbuzi. Twende."

Bandarini. Kokugonza aliona mama yake amelisikia neno hilo pia. Walikuwa wamekesha bandarini, pale pale ambapo mtu aliyeambiwa avuke maji angekwenda. Nani aliwaambia wakeshe huko? Labda hukesha pale kila siku. Labda waliambiwa na mtu aliyejua kwamba kuna atakayevuka. Alimtafuta Apolinary kwa macho.

Katibu alikuwa amebaki nyuma ya wenzake, mlangoni, mbele ya lile neno la mkaa. Mgambo walikuwa wameshafika migombani. Aliinama karibu na Kokugonza, na alisema kwa Kihaya, kwa sauti ndogo, sauti ya mtu ambaye hakulala.

"Niambie tu, mwanangu. Mbuzi alivuka?"

Jicho lake lilikuwa na maji. Yawezekana yalikuwa machozi ya kweli. Kokugonza alitamani sana yawe ya kweli. Alitamani awepo mtu mmoja, nje ya nyumba ile, ambaye yeye angemwambia ndiyo, alivuka, halafu walie pamoja. Kisha akakumbuka Mutalemwa, na jicho lisiloona.

Akapiga magoti kwenye nyasi, kwa heshima, kama inavyompasa binti.

"Padri hana mbuzi, waitu," alisema.

Midomo ya Apolinary ilifunguka, na Kokugonza aliisubiri ile "Kweli" au ile "Uongo". Hakusema lolote kati ya hayo. Alitoa leso, akafuta neno la mkaa mlangoni mpaka mbao ikawa nyeupe, akaikunja leso na weusi wake ndani, akaitia mfukoni, akaondoka.

Hakuja tena nyumbani kwao. Baadaye Mushumbusi alileta samaki mkavu kutoka Bumbire, amefungwa kwa fundo ambalo Ma Anatolia alilijua, na mama akalia mchana kutwa kwa furaha. Lakini kila Kokugonza alipokutana na katibu barabarani, alipiga magoti na kuangalia chini. Hakuweza kujua kama anamwamkia mtu aliyemwokoa baba yake au aliyemuuza, wala hakuthubutu kumuuliza.